ADABU ZA SIMU YA MKONONI MBELE ZA WATU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Sahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Somo letu mwaka huu linahusu chombo kidogo kilichomo mifukoni mwetu: simu ya mkononi. Mwanafunzi anaweza kuuliza, "Ustadh, simu nayo ni somo la madrasa?" Naam, ni somo. Simu ya mkononi ya kwanza ilipigwa na Martin Cooper wa kampuni ya Motorola, mjini New York, Marekani, tarehe 3 Aprili 1973. Huku kwetu Afrika Mashariki zilianza kuenea miaka ya 1990, na baadaye zikawa hata mfuko wa fedha, pale huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Basi ukifungua vitabu vya fiqhi tulivyorithi ukatafuta mlango wa simu, hutaupata. Lakini utaukuta mlango wa kubisha hodi, mlango wa kuhifadhi ulimi, mlango wa kuinamisha macho, mlango wa haki za njia, mlango wa heshima ya msikiti na mlango wa amana. Simu imeingia katika milango hii yote kwa pamoja. Anayeijua milango hiyo hatapata tabu kujua adabu za simu.

MSINGI WA SOMO: ULIMI NA MKONO

Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alimweleza Mwislamu kuwa ni yule ambaye Waislamu wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake.

Itazame sasa simu. Unapozungumza nayo, unatumia ulimi. Unapopiga picha, unapoandika meseji, unapomsukumia mwenzako habari uliyoletewa, unatumia mkono. Hakuna chombo kingine kilichokusanya ulimi na mkono mahali pamoja kama hiki. Hivyo kila unapotaka kujua jambo fulani la simu linafaa au halifai mbele za watu, jiulize swali moja: Je, waliopo hapa watasalimika nami? Yaliyobaki katika somo hili ni ufafanuzi wa swali hilo.

KWANZA: MSIKITINI

Msikiti ni nyumba ya Allah (S.W.T.), na aliyesimama kuswali anazungumza na Mola wake. Abu Said Al-Khudri (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu msikitini aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa. Akalifunua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane, wala wasipandishiane sauti katika kisomo.

Zingatia, ewe mwanafunzi. Sauti iliyokatazwa hapo ni sauti ya Qur'ani! Ikiwa msomaji wa Qur'ani ameambiwa apunguze sauti asimvuruge mwenzake, itakuwaje mlio wa muziki wa taarab au wa bongo fleva unaotoka mfukoni mwa maamuma wakati imamu amesujudu?

Vile vile Jabir (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula vitunguu na thumu akae mbali na msikiti, kwa kuwa malaika wanaudhika na yale yanayowaudhi wanadamu. Vitunguu ni chakula halali, lakini harufu yake inakera, basi ikazuiwa. Kelele ya simu ni kama harufu ile: inamfikia asiyeitaka na wala hana pa kuikimbilia.

Kwa hiyo mwanafunzi afanye haya:

(a) Anapovua viatu, azime simu au aiweke kimya. Kuvua viatu hakusahauliki na yeyote. Ukiyaunganisha mambo haya mawili, viatu na simu, utakuwa umejipatia mkumbushaji wa kudumu.

(b) Asitosheke na mtetemo ikiwa simu ataiweka sakafuni au kwenye rafu ya misahafu. Simu inayotetema juu ya ubao au sakafu ya marumaru inasikika safu nzima.

(c) Asizungumze biashara msikitini kwa simu. Katika Muslim, Abu Hurayra (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupenda hata mtu atangaze msikitini mnyama wake aliyepotea, kwa kuwa misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Aliyepotelewa na ngamia wake ana dhiki, na bado amekatazwa. Anayepanga bei ya mchele baina ya adhana na iqama ana udhuru gani?

(d) Asiweke adhana au aya za Qur'ani kuwa mlio wa simu. Wengi hufanya hivi kwa nia njema, wakiona bora hiyo kuliko muziki. Lakini wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikemea tabia hii, na sababu yake iko wazi: simu huita hata chooni, na mwenye kuipokea huikata aya katikati ya neno kwa haraka ya kusema "haloo". Mlio wa kawaida wa kengele unatosha.

Na simu ikiita ndani ya swala, nifanye nini?

Swali hili huulizwa sana. Wako wanaoiacha ilie mpaka mwisho kwa kuogopa kwamba wakitikisika swala itabatilika. Matokeo yake safu nne zinapoteza khushui kwa ajili ya simu moja. Tunajua kutoka kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kinachobatilisha swala ni harakati nyingi zilizofuatana, kama hatua tatu mfululizo. Harakati chache, au za vidole peke yake, hazibatilishi. Basi ingiza mkono mfukoni na ubonyeze kitufe cha ubavuni. Simu nyingi hunyamaza kwa kubonyezwa mara moja tu. Usiitoe ukasoma nani amepiga, maana hapo umeacha kuswali na umeanza kupokea wageni.

PILI: WAKATI WA KHUTBA YA IJUMAA

Abu Hurayra (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.), katika Bukhari na Muslim, kwamba anayemwambia mwenzake "nyamaza" wakati imamu anakhutubu amefanya upuuzi. Na katika mapokezi ya Muslim, hata mwenye kuchezea changarawe amefanya upuuzi. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) zama zile haukuwa na mazulia, mtu akikaa, vijiwe viko mbele yake, na mkono unavifuata bila ya kukusudia.

Changarawe za leo ni simu. Mtu ameketi, imamu yuko juu ya mimbari, kidole kinapandisha na kushusha picha. Kinywa hakikutamka neno, lakini moyo haupo msikitini. Waliochezea changarawe walishika vijiwe visivyo na habari yoyote. Sisi tunashika kijiwe chenye habari za dunia nzima. Basi anayetaka kurekodi khutba amwachie aliyepewa kazi hiyo na uongozi wa msikiti, yeye aisikilize.

TATU: NDANI YA DALADALA NA NJIANI

Daladala ni kikao cha watu ambao hawakuchaguana. Ndani yake mna mgonjwa anayetoka hospitali, mama mwenye mtoto aliyelala, mwanafunzi anayerudia masomo na mzee aliyechoka. Kila mmoja amelipa nauli yake, na haki ya utulivu ni ya wote.

Katika Suratu Luqman, aya ya 19, tunasimuliwa jinsi Luqman alivyomuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo na apunguze sauti yake, na akaifananisha sauti iliyopandishwa na mlio wa punda. Simu ina maikrofoni. Haihitaji kupigiwa makelele. Aliye Mwanza humsikii zaidi kwa kumpigia ukelele ukiwa Tandika. Kama mtandao ni mbaya, kata, subiri ushuke, kisha piga tena. Na anayetaka kusikiliza mawaidha, nashidi au mpira, atumie visikilizio vya masikioni. Hata mawaidha yakifunguliwa kwa spika katikati ya abiria yanaweza kumfanya mtu ayachukie, na dhambi ya kumchukiza ni ya nani?

Jambo la pili katika daladala ni uongo. Abiria yuko Mbagala, simu inaita, anajibu kwa sauti, "Ndiyo nafika Posta hapa, nipe dakika mbili!" Abiria wote wanatazama dirishani, wanaiona Mbagala. Wengine hucheka. Lakini Mtume (S.A.W.) ametutajia alama za mnafiki, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, na ya kwanza yake ni kwamba anapozungumza husema uongo. Mtu huyu ameongopa mbele ya mashahidi zaidi ya thelathini. Kama wamo watoto, amewasomesha darsa la uongo bila ya kuombwa. Ingemgharimu nini kusema, "Nimechelewa, nisamehe, bado niko Mbagala"?

Jambo la tatu ni siri, na hapa ndipo pana hatari kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua mfano huu. Dada ameketi kiti cha dirishani, anapigiwa simu na ndugu yake aliyekwenda kumchukulia majibu ya vipimo. Anajibu kwa sauti, anautaja ugonjwa, anataja jina la mgonjwa na mtaa wanaokaa. Kiti cha nyuma ameketi jirani wa upande wa mchumba. Kufika magharibi, mtaa wote unajua. Kufika Ijumaa, posa imerudishwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, hakuna aliyepekua faili la hospitali. Ni sauti tu iliyopita kiti kimoja hadi kingine. Vile vile wako wanaotaja namba zao za siri za kutolea fedha mbele ya abiria, kisha wanashangaa salio limekwenda wapi.

Na aliyesikia naye ana wajibu wake. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) onyo kali la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kutega sikio mazungumzo ya watu wasiotaka asikie, kwamba Siku ya Kiyama atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni. Ikiwa sauti imekufikia bila kutaka, basi iwe imefika mwisho hapo kwako. Pia usiinamie kioo cha simu ya jirani yako ukasoma meseji zake. Sahl bin Saad (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, juu ya mtu aliyechungulia tunduni chumbani kwa Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea sana, akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Kioo cha simu ya mtu ni dirisha la nyumba yake. Akikupa simu uone picha moja, tazama hiyo moja. Usiendelee kupekua nyingine.

Ama njiani, Abu Said Al-Khudri (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alizitaja haki za njia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Anayetembea huku ameinamia simu anaweza akapoteza kadhaa kwa mara moja: hasikii salamu akairudisha, anawapiga watu vikumbo, na hamwoni kipofu anayehitaji kuvushwa barabara.

Kwa madereva na vijana wa bodaboda neno ni zito zaidi. Chombo kikienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kinakata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akiangalia meseji kwa sekunde 2 tu, amekwenda mita 33 bila ya kuiona barabara, sawa na urefu wa Coaster karibu tano zilizopangwa mstari mmoja. Mtoto wa madrasa anavuka barabara ndani ya mita hizo. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, kama alivyopokea Ibn Majah. Abiria ukimwona dereva anasoma simu, mwambie kwa adabu asimame pembeni. Hiyo nayo ni kukataza mabaya.

NNE: MSIBANI, HOSPITALI NA PENYE AJALI

Maiti wa Kiislamu ana heshima kama aliye hai. Katika Abu Dawud imo hadithi ya kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kumvunja akiwa hai. Na Muslim amepokea kwamba anayemsitiri Mwislamu, Allah (S.W.T.) atamsitiri duniani na Akhera.

Leo ikitokea ajali, baadhi ya vijana mkono wa kwanza wanaounyoosha ni wa kupiga picha. Majeruhi yuko chini, nguo zimechanika, uchi uko nje, na picha zimekwishaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Fikiri kuhusu mama yake. Wazee wa ukoo wanakaa chini, wanatafuta nani mwenye busara akamwambie taratibu, nani amshike akianguka. Kabla hawajainuka, mama ameshapokea picha ya mwanawe kwenye simu yake, peke yake, jikoni. Aliyeituma alisema moyoni, "Nawajulisha watu." Je, mama huyo amesalimika na mkono wake?

Basi penye ajali, mkono wako wa kwanza ni wa kusaidia: piga simu kuita msaada, na kanga au koti lako liwe la kumsitiri. Simu hapo ni ibada. Msibani iweke kimya, na usiitoe makaburini wakati wa kuzika. Usipige picha maiti akioshwa wala akikafiniwa. Muoshaji ameaminiwa aone na afiche. Hospitali fuata maelekezo ya wauguzi, na usimpige picha mgonjwa kitandani, ukaituma ati watu wamwombee dua, kabla hujamwomba idhini. Dua inafika kwa Allah bila ya picha.

Kumbuka pia kwamba sheria za nchi zetu zimeliangalia jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya nayo ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 na ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Lakini Mwislamu anatakiwa aache maudhi hata pale asipoonekana na askari.

TANO: KUPIGA SIMU NI KUBISHA HODI

Umemkuta mtu wapi ulipompigia? Hujui. Pengine yuko kazini, pengine yuko kwa daktari, pengine amelala. Kwa hiyo simu ni hodi, na hodi ina adabu zake.

1. Hodi ni mara tatu. Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alikwenda kwa Sayyidna Umar (R.A.), akabisha mara tatu, asipojibiwa, akarudi zake. Umar alikuwa ameshughulika. Alipomuuliza kwa nini amerudi, Abu Musa akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) ameagiza hivyo. Umar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri (R.A.) akasimama kushuhudia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Nasi tunapompigia mtu asipokee, tukapiga mara kumi na tano mfululizo, kisha tukamlaumu, tunafuata mafundisho ya nani? Andika meseji ya salamu na haja yako, usubiri.

2. Ukiambiwa rudi, rudi. Suratu Nnur, aya ya 28, inatuelekeza kwamba tukiambiwa turudi, basi turudi, na kwamba hilo ni usafi zaidi kwetu. Mtu akisema "nitakupigia baadaye", usione umedharauliwa.

3. Jitambulishe. Jabir (R.A.) alibisha mlango wa Mtume (S.A.W.). Alipoulizwa ni nani, akajibu, "Mimi." Mtume (S.A.W.) akalikariri neno hilo kama mwenye kuchukizwa nalo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. "Hebu nikumbuke!" na "Ina maana umenisahau?" si majibu ya Mwislamu. Toa salamu, taja jina lako, uliza kama muda unafaa.

4. Chunga nyakati. Suratu Nnur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa ndani wasiingie bila ya ruhusa: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya swala ya Isha. Wa ndani amezuiwa. Wa nje anayepiga simu saa tano za usiku kuulizia jambo la kesho kutwa hana hoja. Dharura, kama ugonjwa au msiba, ina hukumu yake.

5. Usimfungulie spika bila ya kumwambia. Anayekupigia anadhani mko wawili. Ukimweka kwenye spika barazani, au ukamrekodi pasina yeye kujua, umevunja amana. Jabir (R.A.) amepokea, katika Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba mtu akizungumza kisha akageuka kutazama, maneno yake ni amana. Kwenye simu hamuoni akigeuka, lakini haja yake ya siri ni ile ile.

SITA: KATIKA VIKAO NA MBELE YA WAZAZI

Ibn Masud (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba watu watatu wakiwa pamoja, wawili wasinong'one na kumwacha wa tatu, kwa kuwa jambo hilo linamhuzunisha. Sasa mwangalie bibi aliyetoka kijijini kuja kuwaona wajukuu. Wajukuu watano wamemzunguka, na kila mmoja ananong'ona na mtu asiyekuwapo. Bibi anaanza hadithi, anaiacha katikati, anauliza, "Mnanisikia?" Anajibiwa "Ndiyo, bibi," bila ya uso kuinuliwa. Huo ndio upweke mbele za watu.

Mzazi, mwalimu au mgeni anapozungumza nawe, simu iwe mfukoni. Ikiita na ni ya lazima, sema, "Niwie radhi, mama, naomba nipokee," toka pembeni, fupisha, kisha rudi. Chakula kikiwa mbele yenu, simu isiwe miongoni mwa walaji.

SABA: KUREKEBISHANA KWA UPOLE

Haya yote yana mtego wake. Tukiisha kuyajua, tunaweza kuwa wakali kwa wasioyajua. Simu ya kijana inaita msikitini; baada ya salamu wazee watatu wanamgeukia kwa makemeo, wengine wanaguna. Kijana anainamisha kichwa, anachukua viatu vyake na wiki inayofuata hayupo. Tumeinusuru khushui ya dakika moja na tumempoteza mwenye kuswali.

Anas (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Sahaba waliinuka kumkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia wasimkatishe. Alipomaliza, akaamrisha ndoo ya maji ikamwagwe hapo, na akamfundisha kwa upole kwamba misikiti ni ya kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'ani. Je, mlio wa simu unashinda najisi ile? Basi tumwendee aliyekosea, tumsalimie, tumfundishe namna ya kuiweka kimya. Wazee wetu wengi simu zao waliwekewa na wajukuu na hawajui kitufe kiko wapi. Hapo ndipo wewe mwanafunzi unapopata thawabu: kaa naye dakika tano barazani, mwoneshe mpaka aweze mwenyewe.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, mtoto hujifunza kwa jicho kabla ya sikio. Ukimwambia, "Pokea, mwambie baba hayupo," nawe umeketi pale pale, umembomolea alichosomeshwa mwezi mzima. Ukimkataza simu mezani na yako iko kando ya sahani, atakayoyafuata ni ya mkono wako. Pangeni saa moja kila jioni, kwa mfano baina ya Magharibi na Isha, simu zote za nyumbani zikae mahali pamoja, na watu wasome, wazungumze, wajuane hali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja milango mitano ya fiqhi na adabu ambayo simu imeingia ndani yake.
2. Simu yako imeita ukiwa katika rukuu. Eleza hatua utakayochukua na dalili yake.
3. Kuna uhusiano gani baina ya changarawe za msikiti wa Mtume (S.A.W.) na simu wakati wa khutba?
4. Simulia kisa cha Abu Musa na Sayyidna Umar (R.A.), kisha eleza tunachojifunza katika kupiga simu.
5. Umeletewa picha ya majeruhi kwenye simu. Utafanya nini, na kwa nini?
6. Kazi ya nyumbani: mtafute mzee mmoja wa jamaa yako, umfundishe kuweka simu kimya, kisha umweleze mwalimu wako mlivyofanya.

Tumalizie kwa kukumbuka kwamba Suratu Takaathur inakoma kwa kututajia kwamba Siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Simu ni neema: inamuunganisha mtoto na mama aliye mbali, inafikisha ada za shule, inaita msaada usiku wa manane. Na kwa kuwa ni neema, ina hesabu.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azihifadhi ndimi zetu na mikono yetu, awasalimishe watu na shari zetu, na atujaalie adabu za Mtume wake (S.A.W.) katika hadhara na katika faragha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.